Mtoto Anayejificha Darasani

Hotuba hii niliitoa Wete, Pemba, mbele ya wazazi, walimu na masheha, viongozi wa shehia jirani. Wengi walioalikwa hawakuwahi kufika: wengine wako dago, kambi za wavuvi, wengine wamevuka Unguja, wengine walikuwa na wagonjwa. Wameniomba maneno yenyewe, nami nayaweka yote.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, mwalimu mkuu, wajumbe wa kamati ya skuli, walimu wenzangu, maustadhi wa vyuo vya Kurani ambao nimefurahi mno kukuoneni hapa, na nyinyi wazazi, mama zangu na baba zangu. Ahsanteni kwa kuacha kazi zenu mkaja.

Nianze na suala. Mwanao akirudi na ripoti, wa hamsini na tano kati ya sitini, neno la mwanzo linalokutoka ni lipi? Msinijibu, kila mtu ajijibu moyoni. Mimi majibu nimeyasikia maisha yangu yote ya ualimu. "Mvivu huyu." "Kichwa kizito." "Bozi tu, kama ami yake." Na sisi walimu tunalo letu, tunaliandika kwa wino mwekundu: "Aongeze bidii." Muhula wa kwanza, aongeze bidii. Muhula wa pili, aongeze bidii. Yupo kati yetu aliyemkalisha mtoto yule akamuuliza bidii aliyonayo sasa ni kiasi gani, na inakwenda wapi?

Nitakwambieni inakwenda wapi. Mtoto aliyezidiwa na masomo bidii yake kubwa huimaliza kwa kujificha. Hilo ndilo lililonileta leo. Anajificha wenziwe wasimcheke, mwalimu asimchape, na wewe mama usivunjike moyo. Tukingoja aje mwenyewe aseme "mwalimu, sielewi", tutangoja mpaka matokeo ya kidato cha pili yabandikwe ukutani, na hapo kila mtu atashangaa, isipokuwa yeye.

Serikali ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo. Wazee mliopo hapa mnakumbuka kabla ya hapo nani alisoma na nani hakusoma. Mlango ulifunguliwa, watoto wakaingia. Sisi wa leo tunalo suala jengine: huyu aliyeingia, yumo? Jina anaitikia, sare imepigwa pasi, mkoba anao. Kwenye somo yumo?

Nikupeni kisa. Kulikuwa na mtoto wa kiume, darasa la tatu, simtaji jina wala kijiji. Akisoma kitabu cha Kiswahili utapenda mwenyewe. Sauti ya juu, hakwami, kwenye nukta anapumua. Wageni wakija skuli, yeye ndiye anayesimamishwa asome. Siku moja mwalimu wake alikaa naye ubavuni, akamwambia asome huku anafuatisha kwa kidole. Mtoto akaanza. Mdomo umefika mstari wa nne, kidole kiko wa pili. Mdomo umemaliza ukurasa, kidole bado kiko katikati, juu ya picha ya ng'ombe. Mwalimu hakusema kitu. Akachukua karatasi nyeupe akaufunika ukurasa wote, akaacha neno moja tu wazi: maziwa. "Na hili?" Mtoto akalitazama neno, akamtazama mwalimu, akatazama dirishani. Halafu akasema, "Mwalimu, naomba ruhusa nende chooni."

Kitabu kizima alikuwa amekihifadhi. Alimsikiliza mwenziwe wa dawati moja akisoma, mara mbili tatu, kikaingia. Na maustadhi mtanishuhudia, kwa sababu mtoto huyo huyo chuoni alikuwa na sura nyingi kifuani kuliko wenziwe wa rika lake. Sasa jamani, akili gani nyengine tunayoitafuta? Mtoto mwenye hifdhi ya namna ile, kwa haki gani tunamwita mzito?

Wapo watoto ambao herufi na sauti yake hazishikani upesi vichwani mwao. Wataalamu hali hii wanaiita disleksia. Haitokani na uvivu. Haitokani na uchache wa akili. Mara nyingi imo katika ukoo, kwa hiyo baba aliyeacha skuli kwa sababu "hakupenda kusoma" huenda naye alikuwa hivyo hivyo na hakuna aliyemwambia. Mtoto wa namna hii anazungumza vizuri, anasimulia hadithi kwa mpangilio, lakini kitabuni anabahatisha neno kwa kuona herufi ya mwanzo. Anaandika neno moja kwa namna tatu kwenye ukurasa mmoja. Mistari mitano ya ubaoni inamchukua kipindi kizima. Kuchanganya b na d akiwa darasa la kwanza ni kawaida, nakuombeni msije kesho asubuhi nyote mlangoni kwa mwalimu mkuu. La kuliangalia ni lile linalobaki pale pale wakati wenziwe wote limeshawaondoka.

Na hapa walimu wenzangu nisikilizeni vizuri. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto mwenye tatizo hili anaweza akayapata maneno yote sawa sawa, ukampa alama zote, na bado akawa amezama. Anasoma silabi kwa silabi, polepole, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Ukihesabu makosa peke yake hutamuona. Angalia na muda anaotumia. Kisha funga kitabu, muulize alichosoma kilikuwa kinasema nini.

Yule mtoto wa ng'ombe na maziwa alirudishwa kwenye silabi, ba, be, bi, bo, bu, akiwa darasa la tatu. Hakurudishwa mbele ya watu. Kila siku muda mfupi baada ya masomo, anaitamka silabi huku anaiandika kwa kidole kwenye mchanga nyuma ya darasa, sauti, mkono na jicho kwa pamoja. Hakuwa msomaji wa mbio na mpaka leo si wa mbio. Lakini anasoma. Anasoma mwenyewe neno ambalo hajawahi kusomewa na mtu.

Kuhifadhi ni njia moja tu ya kujificha. Yuko anayechekesha darasa kila zamu yake ya kusoma ikikaribia, akatolewa nje, na kutolewa nje ndiko alikokuwa akikutaka. Yuko anayepigana. Yuko anayeumwa na tumbo kila siku ya Hisabati, na tumbo linamuuma kweli, hadanganyi. Na yuko yule binti mtulivu wa dawati la nyuma. Hasumbui, daftari lake safi, anacheka ukimtazama, ananakili kila kitu kwa mwenziwe mpaka tarehe. Huyu ndiye anayenitisha kuliko wote. Mgomvi hata kama tunamkosea, angalau tunamjua jina. Binti yule, kwenye darasa la watoto sitini na zaidi, mwaka unakwisha mwalimu hajawahi kuisikia sauti yake.

Ndiyo maana nasema wazi mbele yenu, na najua wapo wazee watakaokasirika: bakora haimfundishi kusoma mtoto asiyejua kusoma. Inamfundisha kujificha vizuri zaidi. Aliyekosa kwa kuwa hajui, ukimchapa leo, kesho atakosa vile vile, ila kesho atakuwa amepata pa kunakili.

Jengine. Kabla hatujakilaumu kichwa, tuutazame mwili.

Upo uchunguzi ambao mwalimu yeyote anaweza kuufanya bila ya senti moja. Chukua daftari la mtoto, linganisha kazi aliyonakili ubaoni na imla uliyomsomea. Imla ni nzuri, ya ubaoni imeharibika? Anza na macho. Ya ubaoni ni nzuri, imla imeharibika? Anza na masikio. Hiyo haimpi mtu jina la maradhi, kazi hiyo ni ya hospitali, lakini inakuonesha pa kuanzia. Mlete mbele akae karibu na ubao wiki mbili uone. Na sikio linalotoka usaha, mama zangu, sikio linalotoka usaha halingojwi mpaka mtoto akue. Wako watoto ambao kila jina wanaloitwa la ukaidi lilianzia kwenye sikio.

Wako wanaoduwaa. Mtoto anaandika, ghafla anasita, macho yamesimama, sekunde kadhaa tu, kisha anaendelea kama hapakuwa na kitu. Mara nyingi kwa siku. Tunasema anaota mchana. Huenda ni aina ya kifafa, isiyoangusha wala kutoa povu, na tiba ipo. Mwalimu akiona, aandike saa na siku, mzazi ayapeleke maandishi hayo kwa daktari. Yatasaidia kuliko maneno mia.

Na sisi wa Pemba tunacho kichocho. Tusione haya kukitaja. Kichocho chetu ni cha njia ya mkojo, kinapatikana kwenye maji baridi, yasiyo ya chumvi, yenye konokono, mitoni na mabwawani wanakooga na kuchezea watoto. Mtoto anakojoa damu kwa miezi. Damu inapungua, anachoka, saa nne asubuhi kashalala juu ya dawati. Na hasemi! Wako wavulana wanaodhani ni dalili ya kukua, wakaambizana wenyewe kwa wenyewe, mzazi hana habari. Baba, muulize mwanao wa kiume mkojo wake una rangi gani. Muulize nyinyi wawili peke yenu, bila ya kumcheka. Pale Wawi tuna Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na utafiti mwingi wa kichocho na minyoo umefanywa kwenye kisiwa hiki, kwa watoto wetu hawa hawa. Vidonge vinagaiwa maskulini. Siku ya vidonge usimzuie mtoto nyumbani. Na asile hivyo vidonge na njaa, mpe chochote, hata kipande cha muhogo.

Sasa niingie kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo.

Sera ya elimu ya mwaka 2006 ilipeleka Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kuhusu sera nina maoni yangu, na siku yake ya kuyasema itakuja. Leo namzungumza mtoto. Mwalimu mmoja alinisimulia habari ya binti wa darasa la tano, alama zake za Hisabati nne, tano, saba kwa mia. Darasa la nne alikuwa wa kumi bora. Wakasema kabaleghe, akili imehama. Mama yake anauza samaki wa kukaanga jioni, na siku moja mwalimu akaenda kununua. Vipande vitatu, kila kimoja shilingi 1,500. Akatoa noti ya 10,000. Binti hata hakuinua macho kwenye karai, mkono umeshaingia kwenye kopo, 5,500 imetoka. Mteja wa pili vipande vitano, wa tatu viwili na pweza. Hakuna alipokosea.

Kesho yake mwalimu akamwita, akamsomea kwa Kiswahili suala la mtihani ule ule alioufeli. Binti akajibu kabla suala halijamalizika. La pili, vile vile. La tatu, vile vile. Hesabu alikuwa anaijua. Asichokijua ni suala linamwomba nini.

Kwa hivyo, walimu, kabla hamjamwandikia mtoto "dhaifu wa Hisabati", muulizeni kwa Kiswahili. Akijibu, tatizo ni lugha, mfundisheni maneno ya masuala yenyewe, machache kila wiki, ayaone, ayatamke, ayatumie. Asipojibu hata kwa Kiswahili, tatizo ni hesabu, rudini nyuma mpaka pale aliposimama, hata kama ni kujumlisha kwa vijiti. Ni dawa mbili mbalimbali. Ukimpa huyu dawa ya yule, mwaka wake umepotea. Na wazazi, hapa ndipo penye shida na tuisheni. Mnatoa pesa zenu za jasho, mtoto anakwenda kusikia somo lile lile, kwa lugha ile ile, kwa mbio zile zile, mara ya pili kwa siku. Muulizeni mwalimu wa tuisheni: mwanangu amekwama wapi hasa? Akikosa jibu, pesa zenu zinatafuta njia kizani.

Yote niliyoyasema mpaka sasa ni ya mtoto anayechelewa tangu mwanzo. Yuko mwengine, na huyu nakuombeni mnitulie nimseme. Alikuwa anakwenda vizuri, mara akaanguka. Ndani ya muhula mmoja tu. Huyo hana kichwa kizito, kichwa chake mlikiona jana. Kuna kitu kimetokea.

Mara nyengine ni msimu. Karafuu zikiwiva kila mkono unatakiwa, na mtoto aliyekosa wiki tatu hawezi kurudi akaendelea pale wenziwe walipofika, hasa kwenye Hisabati. Tunaujua msimu, unakuja na ishara zake, basi tupange kabla: nani atabaki, na atakaporudi nani atamkalisha chini amfidie. Mara nyengine ni talaka. Baba kaenda kwake, mama kaolewa kwengine, mtoto kapelekwa kwa bibi. Bibi anampenda, lakini mtoto hajui atalala wapi mwezi ujao, na mwalimu hajaambiwa kitu. Mwambieni mwalimu. Hamna haja ya kumpa siri za nyumba, mwambieni tu, "mtoto huyu yuko kwenye mtihani wa nyumbani, mtazame kwa jicho la huruma".

Na mara nyengine ni udhalilishaji wa kijinsia. Nalisema kwa jina lake. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anakuwa kimya, anaogopa njia moja au mtu mmoja, hataki kwenda mahali alipokuwa akipapenda, analia bila ya sababu, anajikojolea tena baada ya miaka. Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyengine, usimtuhumu mtu kwa kuziona. Lakini usizipite. Mkalie mtoto karibu, msikilize, usimhoji kama polisi, usimwambie "usiseme tena". Akikwambia jambo, muamini na umpeleke siku hiyo hiyo. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, ambapo daktari, polisi na mshauri wanampokea pahala pamoja. Usimkogeshe kwanza, usizifue nguo zake. Na masheha wangu, kwenye hili hakuna suluhu ya barazani. Muhali, huku kuoneana haya, tunao katika mambo mengi na umetuhifadhia udugu wetu. Kwenye mwili wa mtoto, muhali hauna nafasi.

Mtasema, mwalimu, darasa lina watoto sitini, mikondo miwili, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia, nani ana wakati wa kumtazama mmoja mmoja? Ni kweli. Mzigo ni mkubwa na sitaki kuusema mwepesi. Lakini maustadhi, nisaidieni. Chuoni mnafundisha vipi? Mtoto wa miaka sita na wa miaka kumi wamekaa mkeka mmoja. Huyu yuko alifu, yule yuko juzuu amma, mwengine anakaribia kukhitimu. Kila mmoja na pahala pake. Anayemaliza anamsikiliza mdogo wake, na hakuna anayevushwa kabla hajaimudu aliyonayo. Hakuna anayesema mtoto wa miaka kumi aliye alifu ni aibu, anasema tu, "yuko alifu". Huko India taasisi ya Pratham imejulikana dunia nzima kwa kufanya jambo kama hilo maskulini: kwa muda kila siku watoto wanapangwa kwa kile wanachokimudu kusoma, darasa lao likawekwa pembeni. Sisi babu zetu walikaa hivyo mkekani kabla yetu. Tunaweza kuirudisha skuli saa moja ya namna hiyo? Tunaweza. Mwalimu mkuu na mimi tumeshalizungumza, na kwa darasa la pili na la tatu, saa ya mwisho ya Jumatatu na Jumatano, tutaanza.

Narudia madarasa hayo, la pili na la tatu, kwa sababu hapo ndipo tunapookoa wengi kwa kazi ndogo. Akifika la tano hajui kusoma, kila somo linakuwa adui yake kwa wakati mmoja, na kujificha kunakuwa ndiyo tabia yake.

Mzazi usiyejua kusoma, usiseme hili halikuhusu. Usiku mwambie mwanao akusomee, mkono wako ufunike picha. Utazame uso wake, utajua kama anasoma au anakumbuka. Kisha muulize, "Leo kipi kilikuwa kigumu?" Usimuulize amepata ngapi. Akikwambia kigumu, mshukuru. Ametoka mafichoni, na hatatoka tena ukimgombeza.

Na wewe mwalimu, weka daftari dogo la pembeni. Jina, siku, ulichokiona kwa macho yako. Usiandike "mvivu". Andika "ameomba kwenda chooni mara tatu kipindi cha kusoma". Ukiwa na maandishi ya mwezi mmoja, nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, muiteni mzazi kwa upole, na likikuzidini lipelekeni kwa wenzetu wa elimu mjumuisho wizarani, wanaowashughulikia watoto wenye mahitaji maalumu. Barua ya kumwita mzazi msimpe mtoto kama adhabu. Pigeni simu.

Baada ya dua leo, walimu wa darasa la pili na la tatu watabaki madarasani mwao. Kila mzazi apite, hata mwenye mtoto wa kwanza darasani. Chukueni daftari la Kiswahili na la Hisabati, mtafute pale kazi ilipoanza kuharibika, ni mwezi gani, na nyumbani mwezi huo kulikuwa na nini. Majina ya watoto watakaoonekana wanahitaji msaada hayatasomwa barazani wala hayatabandikwa popote, mwalimu mkuu ameahidi mbele yenu. Walio mbali na hawakufika, masheha wana nambari ya skuli, wapige simu kabla ya Ijumaa.

Nakushukuruni sana. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.